Mtu Mwenye Bunduki

Mkungu Mujuni, mkuu wa kijiji, alifika nyumbani kwa Datius saa ya kuepua ndizi, na kwa waliomjua, saa hiyo haikuwa ya bahati. Mkononi alikuwa na karatasi ya serikali, tumboni alikuwa na njaa ya tangu asubuhi. Alipewa kigoda, akajifuta jasho, akaifungua karatasi na kuanza kusoma kwa ile sauti ya watu wanaosoma masomo kanisani.

"Kuanzia mwaka huu, mtu yeyote mwenye bunduki ya gobole atauziwa ratili moja ya baruti na fataki ishirini kwa mwaka mzima, wala hataongezewa. Mtu huyo awe na macho mazima na mkono usiotetemeka. Siku ya Jumamosi afike barazani Nshamba, apige kibuyu kwa hatua thelathini mbele ya Bwana Shauri. Atakayekosa, bunduki yake itapelekwa bomani Bukoba."

"Fataki ishirini?" Datius aliruka. "Waitu, bwana wangu, nyani wa hapo juu kwenye majabali peke yao wanazidi ishirini. Nani atakwenda kuwaambia nao wapungue?"

"Hayo utayasema barazani. Bwana Shauri mwenyewe, yule Mzungu wa bomani, anakuja kusikiliza maoni ya watu."

"Basi nitasema."

"Utasema baada ya kibuyu," Mujuni alijibu, huku macho yake yakisafiri kuelekea kwenye chungu. "Anayekosa kibuyu hana bunduki, na asiye na bunduki hana maoni."

Kokuberwa, mkewe Datius, alikuwa anafunua majani ya migomba yaliyofunika chungu. Mkono wake ulisimama mvuke ukimpiga usoni. Alimtazama mumewe. Datius alikuwa anazungumza na mkungu kwa heshima zote, lakini uso ameuelekeza kwenye nguzo ya mlango, hatua mbili kutoka pale mkungu alipokaa. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili tangu miaka sita iliyopita. Mtu alimwona kama kivuli, na kivuli alikiona kama mtu.

Jambo hilo Buganguzi nzima walilijua watu wawili tu, yeye na mkewe. Maana nyani walikuwa wanaanguka bado. Kibanja chao, shamba lao la migomba, kilikuwa cha mwisho kabisa, mgongo wake umeegemea majabali, na kila msimu nyani waliteremka kama wageni waliopelekewa barua. Bunduki ikilia, majirani walimwona Datius anatokea njiani na gobole begani, mtutu unafuka moshi, wakasema, "Datius huyo! Hakosi!" Hawakuona kwamba dakika moja kabla yake Kokuberwa alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mgomba, gobole hilo hilo shavuni. Mwanamke kushika bunduki ulikuwa mwiko kama kushika mkuki. Wazee walisema ndizi zitakataa kuzaa. Lakini nyani hawakuwa wamesikia habari za mwiko, na ndizi nazo hazikuwa zimeambiwa.

Mujuni alikula ndizi na maharage, akaongezwa, akaongezwa tena, akaacha karatasi ya tangazo chini ya sahani na kuaga.

"Mkungu kamaliza mkungu," Kokuberwa alisema alipotazama ndani ya chungu.

Datius hakucheka. Siku nyingine angecheka mpaka alale chini.

*

"Tuwape tu," Datius alisema. "Waje wachukue bunduki yao."

"Na nyani?"

"Tutapiga madebe."

"Mwaka juzi bunduki ilipokuwa kwa fundi wiki tatu, tulipiga madebe. Walikuja kutazama ngoma, Baba Paskazia. Wakala mikungu kumi na saba, yule dume mkubwa akakaa juu ya ukuta wa mawe anatusikiliza."

Kibanja kile ndicho kilichowalisha wao wawili na wajukuu wanne waliokuja kila likizo. Bila bunduki, kufika Krismasi wangekuwa wanaomba ndizi kwa majirani, tena majirani wenyewe ni akina Mwijage, mtu wa kukupa mkungu mmoja akautangaza wiki nzima.

"Basi niende nikapige," alisema.

"Ukapige nini? Wewe unaona kibuyu?"

"Wewe unakiona. Simama karibu yangu. Ukikohoa mara moja, nasogea kulia. Mara mbili, kushoto. Ukisafisha koo, nafyatua."

Kokuberwa alitaka kusema kwamba huo ni wazimu, lakini uso wa mumewe ulikuwa kama wa mtu aliyeshika kamba ya mwisho. Kwa hiyo siku tatu mfululizo, nyuma ya nyumba, Datius alisimama na mchi wa kutwangia akiuelekeza kwenye papai, na Kokuberwa alikohoa. Alikohoa mpaka wifi yake Ephrasia, dada wa Datius, aliyekuja kuomba moto wa kiko chake, akamletea majani ya kuchemsha.

"Kifua hicho, wifi, hakitakufikisha Pasaka."

"Kitanifikisha Jumamosi, wifi. Nikishafika hapo nitakushukuru."

Usiku alilichukua lile tangazo akalisoma mwenyewe karibu na moto. Masista walikuwa wamemfundisha miaka miwili, akatoka na sala, na kusoma, na mshono wa msalaba. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama anayechambua mchele. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, kidole kikasimama kwenye neno moja, kikakaa. Aliikunja karatasi akaifunga kwenye pindo la kitambaa chake.

*

Jumamosi, Nshamba ilifurika. Wanaume walikuja na magobole ya kila namna, mengine yamefungwa kwa waya, jingine kitako chake ni mguu wa kitanda. Mzaha ulikuwa mwingi kuliko kwenye harusi. Bashiri, mwenye duka la baruti, alikuwa amefunga duka akaja na mkeka wake. "Leo wateja wangu wanapimwa," alisema, "nijue nani nitamkopesha na nani nitamzika." Meza ya wakubwa iliwekwa mbele. Bwana Shauri alikuwa katikati, katikiro, waziri wa mfalme, upande wa kulia, na Nathanieli karani upande wa kushoto na vitabu vyake. Wanawake walikaa nyuma ya kamba pamoja na viko vyao, moshi unapanda kana kwamba na huko kunapikwa.

Mwijage alikuwa wa kwanza. Alifumba jicho moja, baadaye, kwa walioona vizuri, akafumba yote mawili, akafyatua. Kibuyu kikapasuka. Alipopewa cheti chake alishika bunduki juu, akatembea mbele ya katikiro na kuanza kwebuga, yale majigambo ambayo mwanamume wa Kihaya huyatoa silaha ikiwa mkononi. "Mimi Mwijage, mwana wa Asiyelala! Mimi niliyemtazama nguruwe, nguruwe akaomba radhi!" Alijisifu mpaka Bwana Shauri akatazama saa.

Watu wanane walipiga. Watano walipata, watatu walikosa, na bunduki za hao watatu zililazwa mezani kama maiti. Mmoja wao, mzee wa watu, alienda kukaa peke yake akageukia ukuta.

"Datius wa Buganguzi!"

Watu walishangilia. "Asiyekosa huyo! Mwekeni kibuyu mbali, msimtukane!"

Datius alisimama kwenye alama, fataki mahali pake, akashindilia kitako begani. Kokuberwa alikuwa amejipenyeza mpaka kwenye kamba. Mtutu ulikuwa umeelekea kulia mno. Akakohoa mara mbili. Mtutu ukasogea kushoto kidogo, ukakaribia. Ilibaki upana wa kiganja; akakohoa tena mara mbili, ukakaa sawa. Alikuwa anavuta pumzi ili asafishe koo ndipo Ephrasia, aliyesimama nyuma yake, alipovuta kiko chake kwa uchungu wa kumwonea kaka yake fahari, moshi ukampalia.

"Kohó, kohó!"

Datius akasogea kushoto.

"Kohó, kohó!"

Akasogea tena. Wazee wa pembeni wakadakia kile kikohozi, kwa maana kikohozi ni kama miayo, na Datius, mtu mtiifu, akafuata kila kimoja. Alikipita kibuyu. Alikipita kichaka cha mibuni. Alizunguka taratibu, jicho moja limefumbwa kwa ustadi, mpaka mdomo wa gobole ukatazama meza ya wakubwa.

Katikiro alikuwa chini ya kiti kabla kofia yake haijafika chini. Bwana Shauri alilala kifudifudi kwenye majani na kalamu yake mkononi. Mwijage, aliyemtazama nguruwe, alijificha nyuma ya mbuni mwembamba kuliko yeye.

"Baba Paskazia!" Kokuberwa alipiga kelele. "Usisogee! Usimeze hata mate!"

Aliivuka kamba. Alitembea mbele ya watu wote, akauinua mtutu juu kwa mkono mmoja, akaichukua bunduki.

"Koku," Datius alinong'ona, "nimekipata?"

"Umekaribia kuipata serikali."

Kicheko kilianzia kwa Bashiri kwenye mkeka, kikapita kwa wanaume, kikafika kwa wanawake. Watu walishika mbavu. "Asiyekosa! Haoni huyu! Haoni kitu!" Datius alisimama katikati ya kicheko kile mikono ikiwa mitupu, hajui ageukie wapi. Mujuni alikuja akikung'uta vumbi kwenye kanzu.

"Lete bunduki mezani, mama. Yamekwisha."

Kokuberwa alimtazama mumewe. Kibuyu kilikuwa bado juu ya nguzo yake, kimetulia, kama dume lile la ukutani. Hakukata shauri; mkono ulikata wenyewe. Alikiegesha kitako begani, akaufyatua mtambo, na kibuyu kikawa vipande.

*

Zilisikika hata mbegu za kibuyu zikianguka kwenye majani.

"Mwiko!" Mwijage alitoka nyuma ya mbuni wake. "Mwanamke ameshika bunduki! Ndizi zitakataa kuzaa!"

"Zimezaa miaka sita," alisema Datius.

Watu wakamgeukia. Hakuwa na pa kutazama, basi alitazama juu.

"Miaka sita mimi sioni. Nyani wote mlionisifia ni wa Kokuberwa huyu. Yule dume mkubwa mliyenibeba mabegani kwa ajili yake, ni wake. Mkinywa rubisi kwa jina langu, mlikuwa mnakunywa kwa jina lake. Nichekeni, ila Mwijage, ndizi ulizokula kwangu Jumapili zilikataa nini?"

"Zilikataa kubaki kwenye sahani!" Ephrasia alijibu kutoka nyuma, na kicheko safari hii kiligeuka upande wa Mwijage.

Lakini katikiro, aliyekwisha kupata kofia yake, aligonga meza. "Mambo ya nani kapiga ni mambo ya nyumbani. Cheti ni cha mwenye bunduki. Mwenye bunduki amekosa. Iletwe."

Kokuberwa alipiga goti kidogo, kwa adabu, bila kuiachia bunduki. Alifungua pindo la kitambaa akatoa karatasi.

"Waitu, naomba mwanangu Nathanieli anisomee. Mimi masista walinifundisha kidogo, labda nimesoma vibaya."

Nathanieli alimtazama Bwana Shauri, Bwana Shauri akakubali kwa kichwa. "Kuanzia mwaka huu, mtu yeyote mwenye bunduki ya gobole..."

"Hapo hapo, mwanangu. Neno linalofuata baada ya mwaka huu."

"Mtu."

"Hawakuandika mwanamume?"

Nathanieli alisoma tena, midomo ikicheza. "Hapana. Mtu."

"Basi bunduki ninayo mkononi, macho ninayo, mkono mmeuona. Nauliza moja tu, mnisamehe. Mimi si mtu?"

Jamani, pale barazani palichemka. Mmoja alisema mtu maana yake ni mwanamume, kila mwenye akili anajua. Mwingine akamwuliza, basi katekisimu inaposema Mungu alimwumba mtu, wanawake waliumbwa na nani? Mzee mmoja akasema mwanamke ni mtu kanisani, ila kwenye bunduki bado. Ephrasia alijitupa mpaka kwenye kamba, kiko kinatoa cheche.

"Asimame hapa mwanamume mmoja aseme mama yake hakuwa mtu! Asimame nimwone! Nitakwenda kumwambia mama mwenyewe, napajua kwake!"

Hakusimama hata mmoja. Mama yake Mwijage, zaidi ya hayo, alikuwa amekaa hapo hapo, anamtazama mwanawe bila kupepesa.

Bwana Shauri alinong'onezana na karani muda mrefu. Nathanieli alionekana anatafuta neno na halipati. Mwishowe akasimama.

"Bwana Shauri anauliza kwa nini tangazo la Kiingereza limeandikwa kwa namna ya mwanamume, na hili la Kiswahili halikuandikwa hivyo. Nimemweleza kwamba Kiswahili hakina namna hiyo. Yeye ni baba, yeye ni mama. Mtu ni mtu."

"Na aliyelifasiri ni nani?" katikiro aliuliza.

"Ni mimi, waitu," alisema Nathanieli.

Bwana Shauri alicheka, na alipocheka akawa mdogo kidogo, kama kijana aliyetumwa mbali na kwao. Alisema kwa Kiswahili chake cha kunyooka, "Watu hawa hawakubandikiwa Kiingereza. Walibandikiwa Kiswahili. Sheria ni ile iliyo ukutani." Halafu akamgeukia Kokuberwa. "Mama, tumekuja kusikiliza maoni. Fataki ishirini, zinatosha?"

Kokuberwa hakutegemea kuulizwa. Wanaume waliinama mbele. Mwijage alimpa ishara ya mikono, vidole kumi mara sita.

"Mwaka jana nilitumia kumi na moja," alisema. "Nyani tisa. Fataki moja ilishika unyevu. Kwa moja nilimkosa nyani, maana alikuwa amevaa kofia ya Baba Paskazia, nikacheka."

Alingoja watu wamalize kucheka.

"Kwangu zinatosha. Hata pungufu. Baruti nyingi kijijini, bwana, haiendi kwa nguruwe, inaenda kwenye ngoma. Krismasi iliyopita kuna aliyetoboa paa la kanisa kwa furaha. Simtaji."

Macho yote yalikwenda kwa Mwijage, naye akatazama viatu ambavyo hakuvaa.

"Ila kuna jirani zangu wawili, chini ya majabali kule kule, ambao wanapigana na makundi mawili ya nyani, na nguruwe juu yake. Wao ishirini zitakwisha kabla ya mvua. Na kuna wengine, kibanja chao katikati ya kijiji, hawajaona nyani tangu ubatizo, hao hata kumi ni sherehe. Kikomo msikipime kwa bunduki. Kipimeni kwa kibanja."

"Na jirani hao wawili ni akina nani?" Bwana Shauri aliuliza, kalamu tayari.

"Mmoja ni mjane wa Kagaruki, anapigiwa na shemejiye. Mwingine," alisema Kokuberwa, akashusha pumzi, "ni Mwijage huyu."

Mwijage alifungua mdomo akausahau wazi.

Yalijadiliwa mpaka jua likaanza kuteremka. Mwalimu wa shule alitaka kumi kwa wote. Wazee walitaka kusiwe na kikomo, kwa kuwa nguruwe hasomi matangazo. Bashiri alisema yeye yuko upande wowote mradi duka lifunguliwe. Mwishowe Bwana Shauri aliandika: vibanja vya pembeni fataki thelathini, vya katikati kumi na tano, na walioikosa shabaha waruhusiwe kuleta mtu wa nyumbani mwao awapigie. Yule mzee aliyegeukia ukuta aligeuka taratibu, akamwita binti yake kwa sauti ambayo watu hawakuwahi kuisikia kwake.

Kikabaki cheti.

"Mwenye bunduki," Nathanieli aliuliza, kalamu juu ya karatasi, "niandike nani?"

Aliuliza akimtazama Datius, maana bunduki ilikuwa ya baba yake Datius, na kabla ya hapo ya babu yake. Kokuberwa naye alimtazama. Hapo akaogopa kuliko alipokuwa mbele ya kibuyu. Alijua kwamba mwanamume aliyechekwa na baraza zima anaweza kutaja jina moja tu, jina lake mwenyewe, tena kwa haki yake, na wangerudi nyumbani na bunduki iliyo yake na mke asiyeweza kumtazama.

"Kokuberwa," alisema Datius. "Andika vizuri. Anza na herufi kubwa."

Wanawake walipiga vigelegele mpaka kamba ikaanguka. Kokuberwa alikataa kuweka dole gumba, akaandika jina mwenyewe, herufi moja moja, na serikali yote ikangoja mpaka alipofika mwisho. Akapewa cheti. Katikiro, kwa kuwa desturi ni desturi, akanyoosha mkono kuelekea uwanja.

"Haya. Aliyepewa cheti huebuga."

"Waitu, mimi sijui majigambo," Kokuberwa alisema. "Hayo ni kazi ya mwanamume. Na mwanamume ninaye."

Akamwekea Datius bunduki mikononi, akamgeuza mabega mpaka akawaelekea watu. Datius alisimama. Mbele yake palikuwa na vivuli tu, vivuli mia mbili vinavyongoja kumcheka au kutomcheka. Akaiinua bunduki juu ya kichwa, akakanyaga ardhi mguu wa kulia, na sauti ikamtoka kifuani kana kwamba ilikuwa imefungiwa humo miaka sita.

"Mimi Datius! Mimi niliyeelekeza bunduki kwa serikali, serikali ikalala chini! Mimi ninayelala karibu na asiyekosa, nikaamka mzima! Muulizeni nyani anamwogopa nani! Muulizeni Mwijage! Ninyi mna wake, mimi msinihesabu kati yenu. Mimi ndimi mume wa mtu!"